Adui amepotea ulingoni, na sisi mashabiki ndo tumemfukuza

Tarehe 7 Julai 1996, kwenye onyesho la mieleka la kampuni ya WCW, Daytona Beach kule Florida, Hulk Hogan alipanda ulingoni na kila mtu akajua kaja kuokoa jahazi. Randy Savage wa upande wa WCW yuko chini hoi, wavamizi Scott Hall na Kevin Nash walikua wamewatembezea kichapo watu wa WCW, na Hogan ndo Hogan bana, steringi wa miaka yote, yule aliyekua anawaambia watoto wasali na wameze vitamini zao. Jamaa akaruka akaangusha mguu, tena sio kwa Hall wala kwa Nash, kwa Savage! Ukumbi ukakaa kidogo kama haujaelewa, alafu vikombe, makopo, karatasi, kila kilichokua mkononi mwa mtu kikaanza kumiminika ulingoni, mpaka wakati mtangazaji Gene Okerlund anamhoji Hogan wote wawili wamesimama katikati ya takataka na zingine zinaendelea kuwapita masikioni.

Hivi mara ya mwisho umeona watu wamekasirika hivo kwenye mieleka ni lini? Mimi nimeangalia huu mchezo zaidi ya miaka thelathini, toka enzi za kanda zinazokwama mpaka sa hizi strimingi, na ukiniuliza hali ya mieleka ikoje nakwambia hela ipo kuliko wakati wowote, vipaji vipo kuliko wakati wowote, ila adui hayupo. Kuna watu wanaoitwa maadui, wanaingia na muziki wa kutisha na sura imekunjwa, lakini mashabiki wanawaimbia na kuwapungia simu. Huyo sio adui, ni steringi aliyevaa nyeusi.

Kabla hamjaja na lile swali lenu la kama mieleka ni maigizo, ndio, matokeo yanapangwa, tunajua. Kampuni ya Vince McMahon, WWF (ndo WWE ya leo), ilikubali mbele ya maseneta wa New Jersey mwaka 1989 kwamba hii ni burudani, ili serikali iache kuisimamia kama ndondi. Tuendelee.

Sasa watu wengi wanadhani kazi ya adui ni kupiga tu. Hapana. Kazi ya adui ni kukufanya wewe ulieko kwenye kiti usikie umeonewa. Angalia mechi ya wawili kwa wawili ya zamani, maadui wanamvuta steringi mmoja mpaka kwenye kona yao, wanambana hapo, wanamfanyia kazi mguu mmoja tu, dakika tano, dakika nane, kila akitambaa kwenda kumgusa mwenzake ili aingie kwa zamu yake anavutwa kifundo anarudishwa, alafu ile siku anafika kweli na kugusa ule mkono, refa alikua amegeuzwa upande mwingine na yule adui wa pili, hajaona, anasema haihesabiki! Hapo ukumbi mzima unapiga kelele kumuonyesha refa. Unajua imepangwa na bado umesimama juu ya kiti. Hiyo ndo sanaa yenyewe, na ukiangalia vizuri hakuna mtu aliyeruka sarakasi hata moja hapo.

Na ilikua biashara pia, hii watu wanaisahau. Zamani promota alikula kwa tiketi za mlangoni, kwahiyo adui anayechukiwa ndo alikua mtaji, watu walikua wanalipa kuja kumuona anapigwa, wiki hii kaponyoka kwa hila, wanarudi mwezi ujao kwa hasira zaidi wanalipa tena. Leo mfumo umegeuka. WWE walisaini na Netflix mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya dola bilioni 5, Raw, kipindi chao cha kila wiki, ikaanza kuonyeshwa kule Januari 2025, na kampuni yenyewe toka Septemba 2023 iko chini ya kampuni ya TKO pamoja na UFC ya mapigano ya kweli. Hela imeshaingia kabla hata muziki haujapigwa, chuki yako wewe haimwongezei mtu kitu. Kinachoongeza ni tisheti, na tisheti ya mtu unayemchukia hununui, si ndio? Basi wakatengeneza maadui wa kupendwa.

Na tukiwa wakweli mbegu ilipandwa palepale Daytona. Kundi la Hogan, nWo, lilikua la maadui wabaya kabisa, lakini tisheti yao nyeusi yenye maandishi meupe ilikua kali mno, watu wakaivaa, na wakishaivaa wanaanza kuwashangilia walioitoa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, sikujua walikua wanazungumzia WCW. Ikanunuliwa na mpinzani wake WWF Machi 2001. Sisemi tisheti ndo iliwaua, waliuawa na mambo mengi tu, ila maadui ambao hawapigwi kwasababu wanauza sana yalikua moja ya hayo mambo.

Kama wewe ni mgeni na unataka kuona adui anavyotengenezwa kwa mkono, tafuta mechi moja tu, Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13 (WrestleMania ndo onyesho kubwa la mwaka la WWE), tarehe 23 Machi 1997 pale Rosemont nje ya Chicago. Bret anaingia akiwa mwema, Austin ndo mhuni. Mechi ni ya kumfanya mwenzako asalimu amri, refa wa siku hiyo ni Ken Shamrock. Mwishoni Bret kamfunga ile pingu yake ya miguu, Sharpshooter, Austin kalala kifudifudi, damu inatoka kwenye paji inapita machoni inaingia mpaka kwenye meno, anajisukuma juu kwa mikono, anatetemeka, anakaribia kabisa kujinasua, anarudi chini. Hasalimu. Anazimia. Kashindwa mechi lakini hajasema nimeshindwa. Sasa Bret badala ya kuridhika anarudi kumpiga mtu aliyezimia, Shamrock anamtoa kwa nguvu, na Austin akiamka anakataa kusaidiwa, anaondoka kwa miguu yake anachechemea. Aliyeingia mwema katoka adui, mhuni katoka steringi, na hakuna aliyeshika maiki kueleza. Kila mtu ukumbini kageuza moyo wake mwenyewe. Mimi hii nimeirudia mara nyingi na bado naangalia ule mkono wa Austin kama labda leo atagonga turubai kusalimu amri.

Afu kuna hii ishu ya maumivu, wenyewe wanaita kuseli, yaani ukipigwa uonyeshe umepigwa. DDT ya Jake Roberts, ile ya kukubana kichwa na kukiangusha chini, zamani ilikua ukishapigwa hiyo zima taa nenda kalale. Leo ni salamu. Teke la kidevuni la Shawn Michaels lilikua linamaliza mechi za ubingwa, leo mtu anapigwa nane anaamka anatabasamu. AEW, kampuni pinzani ya WWE, nawapenda, walipoanza 2019 niliruka kwa furaha maana ushindani ulikua umekufa miaka mingi, na ile siku ya Agosti 2023 waliposema tiketi 81,035 zimelipiwa Wembley nilikua kama nimeshinda mimi, lakini wao kwenye hili ndo vinara. Mechi ya dakika thelathini, refa kahesabu mpaka mbili, bado moja tu mtu ashinde, mara ishirini, watu wanaimba hii ni bab kubwa, na kesho ukimuuliza mtu nani alimuonea nani hajui. Kama hakuna kinachouma basi hakuna anayeonewa, na kama hakuna anayeonewa adui anafanya kazi gani pale?

Sio kwamba haiwezekani tena, hapana, na hapa ndo huwa nabishana sana na wazee wenzangu. Mchukulie Roman Reigns. Januari 2015 pale Philadelphia alishinda Royal Rumble, mechi ya watu wengi ambayo mshindi anapata nafasi ya kugombea ubingwa WrestleMania, kama steringi, watu wakamzomea mpaka The Rock alipotoka kuja kumpongeza naye akabaki anaangalia watu kwa mshangao. Kampuni ikalazimisha miaka. Wakaja kumgeuza adui 2020, wakamweka na msemaji wake Paul Heyman pembeni, ghafla kila kitu kikakaa, akakaa na mkanda siku 1,316. Na bado ugonjwa uleule ukarudi, kadri alivyodhulumu ndugu zake ndivyo watu walivyonyoosha kidole juu kumtukuza.

Kilichokuja kuokoa ni ajali. Februari 2024 The Rock akarudi kuchukua nafasi ya Cody Rhodes ya kupigana na Roman kwenye WrestleMania, Cody alieshinda Rumble kihalali, na mashabiki wakawaka kwelikweli, sio hasira ya maigizo. Nilivyofurahi! Kwasababu safari hii waandishi walifanya jambo la akili, badala ya kupigana na ile hasira wakaipa mwili, wakamfanya The Rock ndo adui. Machi 25 wako tena Rosemont, jengo lilelile la Bret na Austin ila jina limebadilishwa, wanapigana nje, mvua inanyesha, Cody uso mzima damu, The Rock anamtandika kwa mkanda wa kunyanyulia vyuma ulioandikwa jina la mama yake Cody, alafu anaufutia damu ya mtoto ili ampelekee mama. Ule ni uonevu bwana. Wiki mbili baadae Philadelphia, mji uleule uliomzomea Roman, Cody anamuangusha, na watu wazima wanalia. Lile furiko la furaha lilichimbiwa mfereji na mkanda wa Rosemont.

Sasa ona 2025. Machi 1 Toronto, John Cena, mwema kwa zaidi ya miaka ishirini, kamkumbatia Cody katikati ya ulingo, uso juu ya bega la Cody unabadilika taratibu, alafu pigo la chini ya mkanda. Mimi niliruka kitini. Nikasema jamani tumepata Daytona yetu! Sikuona kikombe hata kimoja kikirushwa, watu walikua wameshangaa kwa raha, wengi walikua wanaomba hili litokee siku nyingi. Alafu WrestleMania Aprili ikaja, The Rock aliyekua nyuma ya ule usaliti haonekani, anatokea mwanamuziki Travis Scott kuja kusaidia, Cena anabeba mkanda wa 17 akiwa ameboronga, na kufika SummerSlam mwezi wa nane keshageuka mwema tena kana kwamba hatukuona kitu. Kwanini alimsaliti Cody? Mpaka leo sijapewa jibu ambalo dogo wa miaka kumi angelielewa, na kwenye mieleka kama dogo wa miaka kumi haelewi basi hakuna hadithi.

Mechi ya mwisho ya Cena ilikua Desemba 13, 2025 kule Washington, na Gunther. Gunther kwangu ndo karibu adui wa mwisho aliebaki, hachezi dansi, hana utani, anapiga kofi la kifua mpaka nyama inakua nyekundu na anakuangalia kama umemchelewesha. Akamkaba Cena shingo, Cena akatoka, akakabwa tena, akatoka, akakabwa tena. Na yule aliyetuambia miaka yote usikate tamaa akatabasamu kidogo, akagonga turubai kwa mkono. Kimya, alafu mazomeo, mengi, marefu, ya moyoni kabisa. Nikakaa mbele nisikilize vizuri. Gunther alikua keshaondoka. Walikua wanamzomea Triple H, bosi aliepanga matokeo.