Kwa Nini Wahariri wa Video Nairobi Hawaendi Tena kwa Fundi wa Kompyuta?

Zamani mpigapicha wa harusi au mhariri wa video jijini Nairobi hakukosa namba ya fundi wa kompyuta kwenye simu yake. Mashine ikizubaa, aliibeba hadi Luthuli Avenue au chumba fulani cha ghorofani karibu na Moi Avenue, akaiacha asubuhi, akaichukua jioni. Siku hizi watu wa kazi hizo humaliza miaka bila kupanda ngazi hizo. Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba kompyuta za sasa haziharibiki.

Jibu hilo si sahihi, na linafaa kukosolewa vizuri kwa sababu linampunja fundi na kumpotosha mnunuzi. Kompyuta za sasa zinaharibika. Chai ikimwagika kwenye kibodi inapenya vilevile ilivyopenya miaka 15 iliyopita. Betri zinafura, skrini zinapasuka ndani ya begi kwenye matatu. Wengine husema kazi yote imehamia kwenye simu, lakini anayehariri filamu ya saa mbili bado anataka kompyuta. Kilichopungua ni aina moja ya matatizo: yale madogo, ya mara kwa mara, yanayotibika kwa bisibisi na kipuri kimoja. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlipia fundi kodi ya chumba.

Chukua MacBook Pro, laptopu ya Apple, ya inchi 13 ya mwaka 2012. Ukiigeuza na kutoa skurubu 10, kifuniko kinabanduka na kila kitu kiko wazi: vibao viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vinavyochomoka kwa vidole, feni, kisomeo cha DVD, na diski iliyounganishwa kwa waya mmoja bapa. Ndani ya diski hiyo mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa mwanya mwembamba kuliko unywele. Itikise kwenye bodaboda ikiwa bado inazunguka, kisha ikeshe ikisoma faili za video, na siku moja itaanza kugonga. Fundi aliweka SSD, hifadhi isiyo na sahani inayozunguka, mahali pake, akapandisha RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 16, akapuliza vumbi, na mteja akaondoka na mashine bora kuliko ile aliyoinunua.

Kazi za programu nazo zilikauka. Windows 8 ilikuja na kinga yake ya virusi mwaka 2012, na mwaka uliofuata Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za ubunifu yatapatikana kwa malipo ya mara kwa mara, si kwa kununua mara moja, hivyo safari za kwenda kwa fundi kuondoa virusi au kuwekewa programu zikapungua.

Lakini kiini cha jambo ni RAM. Fikiria kibanda cha chakula Industrial Area, saa saba mchana. Mpishi wa chapati ana mikono myepesi, ila unga uko stoo, ng'ambo ya barabara. Kila unga unapokwisha anamtuma kijana avuke, na hata kijana awe hodari vipi, barabara ndiyo inayoamua kasi ya jiko. Sasa mwenye kibanda anauleta unga wote kwenye meza iliyojengewa ubavuni mwa mpishi. Chapati zinatoka mfululizo, na hakuna anayechoka kwa kuvuka. Ila meza hiyo haiongezeki. Wateja wakizidi, huwezi kukodi stoo kubwa zaidi. Itabidi uhamie kibanda kingine.

Ndivyo Apple ilivyofanya ilipotoa chipu ya M1 Novemba 2020: RAM, ndiyo stoo yetu, ikalehemewa kwenye kifurushi kimoja na prosesa, ndiye mpishi. RAM ya ile mashine ya 2012 ilipitisha takriban gigabaiti 25 kwa sekunde. M1 Max ya mwaka 2021 hupitisha hadi 400. Ukaribu si sababu pekee, kwani njia zenyewe pia zilipanuliwa mno, lakini njia pana hivyo ni vigumu kuipitisha kwenye soketi za kawaida. Umeme unaotumika nao umepungua, na chipu ina sehemu maalumu ya kushughulikia video, hivyo joto si lile la zamani. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa. Hakuna cha kupuliziwa vumbi.

Hifadhi ndiyo inayopaswa kumtia mhariri hofu. Zamani ubao mama, ule mkuu unaobeba chipu za kompyuta, ukifa, fundi alichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine, na video ya harusi ya mtu ikaokoka. Kwenye MacBook Pro zenye T2, chipu ya usalama ya Apple, zilizoanza kutoka mwaka 2018, na hizi za M1 na kuendelea, hifadhi imelehemewa na data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu ya mashine ileile. Kung'oa hifadhi peke yake hakusaidii. Fundi lazima aufufue ubao wenyewe, chini ya hadubini, na hiyo ni kazi ya wachache na si ya bei ya chini. Usipokuwa na nakala kwenye diski ya nje, kazi ya mteja iko hatarini.

Hali hii haimhusu kila mtu. Laptopu zilizotumika ng'ambo, kama ThinkPad T480, bado zina nafasi za RAM na SSD, na wenye nazo bado wanamhitaji fundi.

Hata kwa laptopu mpya mlango haujafungwa. Mwaka 2024 Lenovo ilitoa ThinkPad P1 yenye RAM ya aina ya LPCAMM2: chipu zilezile zisizokula umeme mwingi, ambazo awali zililehemewa, sasa ziko kwenye kibao kinachofungwa kwa skurubu. Kwa RAM ya aina hiyo, anayetaka kuiongeza hahitaji kubadilisha mashine nzima. Anahitaji kibao kipya na mtu mwenye bisibisi.