Kausha mahindi kabla hayajakuwa sumu

Huku Rongai, Njoro na Subukia mahindi hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Novemba ya Nakuru haijawahi kuwa kavu kabisa, lakini mwaka wa 2019 na 2023 mvua ya vuli ilizidi kipimo, kwa sababu maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kuliko kawaida. Hewa nayo ikipata joto hubeba maji zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Maji hayo hutushukia mahindi yakiwa bado shambani.

Hapo ndipo kuvu hustawi na kutoa sumukuvu. Mara nyingi shida huanza mapema: jua kali likiyapiga mahindi yanapojaza punje, mmea hudhoofika na kuvu hupata njia. Kwa hiyo ukame wa Julai na mvua ya Novemba husaidiana kutuharibia chakula.

Mwaka wa 2004, Ukambani, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Walikula mahindi ya nyumbani kwao. Tafadhali, usidhani githeri ikitokota sana itakuwa salama. Moto wa jikoni hauiondoi. Wala usimpe ng'ombe mahindi yaliyooza, maana sumu hupitia kwenye maziwa hadi kwa mtoto. Yafukie.

Kipimo kipo jikoni kwako. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, bado usikimbilie kufunga magunia, kwa kuwa mahindi ya kuwekwa ghalani yanatakiwa yafike asilimia 13.5. Yape jua zaidi, juu ya turubai, si udongoni.

Mawingu yasipoachia, ulizia mashine za kukausha za Halmashauri ya Nafaka (NCPB), hata kama mtalazimika kuchanga nauli ya lori na majirani. Anayekaushia nyumbani afunike turubai kabla umande haujaanguka, na asubuhi asubiri nyasi zikauke ndipo afunue.