"Sisi Hatuna Maandishi" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Historia ya Ukoo

Kitambulisho cha bibi yangu, mzaa baba, kilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1925. Mwenyewe alikuwa akisema alikuwa bado ananyonya ziwa la mama wakati wa Mtunya. Kwa miaka mingi niliamini kitambulisho, maana kilikuwa na muhuri.

Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo, eneo la Dodoma, kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakosekana. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati huo hawezi kuwa amezaliwa 1925. Ile tarehe ya Januari mosi ilikuwa makadirio ya karani, kama ilivyo kwa maelfu ya wazee wa umri wake. Bibi alisema kweli, karatasi ikakosea.

Tangu hapo nasikiliza kwa makini zaidi yale tunayoambiana kuhusu historia za koo zetu. Mengi si kweli, na yanatuumiza, kwa sababu mtu aliyeshaamini kwamba hakuna cha kutafuta hatafuti, na wazee hawatusubiri.

"Sisi hatuna maandishi"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote. Tunayo maandishi mengi, ila tunayatafuta mahali pasipo. Cheti cha kuzaliwa ni kitu cha juzi kwa familia nyingi za vijijini, kwa hiyo anayeanza na cheti atakwama kwa baba yake au hata kwake mwenyewe.

Anzeni na msiba. Kabla ya mazishi mtu husimama na kusoma historia fupi ya marehemu: alizaliwa wapi, wazazi wake nani, alisoma wapi, alioa au kuolewa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Karatasi ile huandikwa usiku na watu wanne au watano wanaobishana mpaka wakubaliane. Yaani ni ushahidi uliokwisha kuhakikiwa na jopo la ndugu! Halafu inasomwa, inakunjwa, inatiwa mfukoni, na baada ya arobaini hakuna anayejua iko wapi. Nimekusanya kumi na moja za ukoo wetu, na ndizo zilizonipa majina mengi kuliko chanzo kingine chochote. Daftari la michango ya msiba nalo ni hazina. Linaonyesha nani alikuja, kutoka kijiji gani, na mara nyingi undugu wake umeandikwa kando ya jina. Pwani, orodha ya majina ya marehemu wanaoombewa kwenye khitma hufanya kazi hiyohiyo.

Yako pia madaftari ya makanisa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, Wamoravian Rungwe mwaka 1891, na popote walipokaa waliandika ubatizo: jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, kijiji, tarehe. Kwa Wakatoliki ndoa ya mtu huongezwa pembeni mwa mstari wa ubatizo wake, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa maisha mawili. Wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu wameuliza parokia isiyohusika. Parokia ya leo huenda enzi za babu ilikuwa kigango tu, na majina yakaandikwa kwenye daftari la parokia mama iliyo mbali. Uliza kwanza: mwaka ule, eneo hili lilikuwa chini ya nani?

Sandukuni nako kuna stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, kitabu cha chama cha ushirika. Kwa ndugu zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ililazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande, chenye alama za vidole na majina ya waajiri. Kilikuwa chombo cha dhuluma, nacho kilivaliwa shingoni katika kikasha cha bati. Bado, mjukuu anayekishika leo anasoma babu alifanya kazi wapi na kwa mshahara gani.

"Jina la mwisho ndilo jina la ukoo"

Kwa Mzungu huenda. Kwetu mara nyingi majina matatu ni jina la mtu, la baba na la babu, na kila kizazi kinapozaliwa jina moja hudondoka kutoka mwisho. Ukitafuta watu wote wenye "jina lenu la mwisho" utakusanya wasiokuhusu na kuwaacha ndugu wa damu. Kwetu baba na wadogo zake wawili, tumbo moja, wana majina ya mwisho matatu tofauti: mmoja aliandikishwa shule kwa jina la babu, mwingine kwa jina la babu la ubatizo, wa tatu kwa jina la ukoo. Mwalimu aliuliza, mtoto akajibu alivyoelewa, basi.

Ukweli ni kwamba jina la kwanza ndilo lenye habari nyingi. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo majina ya wajukuu yanakurudisha kwa mababu. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija. Ukikutana na Shija katika orodha ya ukoo na hakuna mapacha juu yake, simama hapo. Kuna watoto wawili ambao hakuna aliyewataja.

Tahajia nayo isikupoteze. Mjerumani aliandika Mpwapwa kuwa Mpapua, na sauti ya "j" akaiandika "dsch". Jina lako litafute kama karani wa Kijerumani alivyolisikia.

"Wazee hawajui tarehe"

Wanajua wakati, na wakati unapimika. Usimwulize mzee alizaliwa mwaka gani. Mwulize alikuwa mkubwa kiasi gani lilipotokea jambo fulani. Bibi alikwenda Kongwa kuona matrekta ya mradi wa karanga akiwa na mtoto wake wa tatu mgongoni. Mradi ule wa Waingereza ulianza 1947 na kufa 1951, kwa hiyo shangazi yangu amezaliwa karibu na hapo. Kaka yake mdogo kabisa alipelekwa jando mwaka ambao Uhuru ulipatikana. Nyumba waliivunja wakati wa Operesheni ya Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipohamishiwa kijijini. Nikipanga matukio hayo kwa mfuatano, napata umri wa kila mtoto, na pengo la mwaka mmoja au miwili halinisumbui.

Jamii zenye rika zimerahisishiwa zaidi. Mmasai au Mkalenjin akikutajia rika la babu yake, amekupa kipindi cha ujana wa mtu huyo bila kalenda yoyote.

Na operesheni ile iliacha jambo jingine ambalo linanikereketa. Makaburi yalibaki kwenye mahame. Kama kuna mzee anayeweza kukuonyesha mti au jiwe lililo kichwani mwa kaburi, nenda naye msimu huu wa kiangazi, pigeni picha na muweke alama ya mahali kwenye simu. Mahame ya jana ni shamba la mtu leo.

"Kilichoandikwa serikalini ndicho kweli"

Mtu akishafika Idara ya Nyaraka Dar es Salaam, au ile ya Kilimani kule Zanzibar, au ile ya Moi Avenue jijini Nairobi, huona amefika mwisho wa safari. Mimi nasema ameongeza shahidi mmoja tu. Chukua vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri wa Kiingereza waliandika nasaba za watemi na machifu. Sehemu kubwa iliandikwa miaka ya 1920, Gavana Cameron wa Tanganyika alipokuwa anasimika utawala wa kupitia machifu. Wazee waliokaa mbele ya bwana shauri walijua kwamba nasaba itakayoandikwa ndiyo itakayotoa chifu. Wapo waliorefusha, wapo waliofupisha, na mlango mzima wa ukoo ungeweza kufutwa kwa kutotajwa siku moja. Kisome kitabu hicho, kisha uwaulize wale ambao hawakuitwa siku hiyo wanasemaje.

Kutokuwepo kwenye maandishi nako si ushahidi kwamba mtu hakuwepo. Mtaa wa Kariakoo unatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu kwa homa, kuhara na njaa, na wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Familia inayosema "babu yake babu alichukuliwa vitani asirudi" inabeba habari ambayo himaya nzima ilishindwa kuitunza.

"Kipimo cha DNA kitaniambia sisi ni nani"

Kitakuambia kidogo, na si kile unachouliza. Hakina majina. Matokeo ya "asilimia" hutegemea watu ambao kampuni imewapima kabla yako, na Waafrika Mashariki ni wachache humo. Ndugu wawili wa baba mmoja mama mmoja hupata matokeo tofauti, na babu wa vizazi saba au nane nyuma anaweza asiwe amekuachia chembe hata moja ya kupimika, ingawa ni babu yako kabisa.

Hata hivyo sayansi hii isidharauliwe. Mwaka 2023 watafiti walichapisha vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na bara yake, wakaona kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 kulikuwa na mchanganyiko: upande wa kike kwa sehemu kubwa Waafrika, upande wa kiume wengi wenye asili ya Uajemi. Simulizi za Washirazi, watu wa pwani wanaosema wazee wao walitoka Uajemi, zilizokuwa zikichekwa na wasomi, zilikuwa na kiini cha kweli. Ila kumbuka pia alichokisahau msimulizi: bibi.

"Nimeshapiga picha kwa simu, imehifadhika"

Simu ikiibwa au ikianguka chooni, ukoo umekwenda nayo. Weka nakala tatu, na angalau moja iwe katika nyumba nyingine. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, kwani picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Karatasi na picha za zamani msizipeleke kutiwa plastiki ya moto: haitoki tena bila kuharibu. Zitoeni kwenye albamu zile za gundi, muweke kwenye bahasha za karatasi, mbali na dari linalovuja na ukuta wenye unyevu. Nyuma ya picha andika kwa penseli, taratibu: nani, wapi, lini, na nani aliyekuambia. Kaseti zenye sauti za wazee zihamishwe sasa, utepe wake unaoza.

"Ya aibu yasiandikwe"

Hapa nakwenda polepole. Utumwa ulipoteza hadhi ya kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Si zamani. Karibu kila familia ya pwani na ya njia za misafara ina bibi aliyenunuliwa au babu aliyenunua, na tumezoea kumpa bibi yule ukoo wa kubuni ili watoto wasidharauliwe. Kuandika asili yake ni kumrudishia jina. Lakini aliye hai ana haki zake: nani ni baba wa nani, nani mgonjwa wa nini, hayo hayaendi kwenye kundi la familia lenye watu mia mbili bila ridhaa yake. Mimi ninazo daftari mbili, na moja haifunguki mpaka wahusika watakapokuwa wametangulia.

Ile iliyo wazi niliisoma mbele ya ndugu Desemba iliyopita. Nilipofika kwa mama yake bibi nikasoma kwamba bibi alikuwa mtoto wake wa pili. Shangazi akainua mkono. "Wa tatu," akasema. "Wa pili alifia njiani wakifuata chakula, mwaka wa Mtunya. Mama alikuwa akimtaja kila alipopika uji." Jina lake hakulijua. Nimemwachia mstari.