Kutoka wapi? Njia za mafaili ndani ya ctags

Juzi kijana aliye field ofisini kwetu, hapa Mwanjelwa, Mbeya, aliniita: "Kaka, mbona hii tags inanipeleka kusikokuwepo?" Tags ni orodha inayotengenezwa na programu ya ctags, ikionyesha kila jina kwenye msimbo liko faili gani. Alikuwa kwenye Vim, kihariri cha msimbo, amebonyeza Ctrl-] juu ya jina la fanksheni ili aruke hadi ilipoandikwa, Vim ikamrushia kosa E429: faili `.git/src/malipo.c` halipo. Kweli halipo. Lililopo ni `src/malipo.c`.

Nikamwomba anionyeshe amri aliyoandika: `ctags -R -f .git/tags src`. Alisimama kwenye mzizi wa mradi, lakini orodha akaificha ndani ya `.git`, folda ya Git iliyojificha, isimchafulie mradi. Ugomvi ukaanzia hapo.

Tukaifungua orodha yenyewe. Kila mstari una jina, kisha tabu, kisha njia ya faili, kisha tabu, kisha namna ya kuupata mstari husika. Njia imeandikwa `src/malipo.c`. Sawa, lakini kutoka wapi? ctags isipoambiwa lolote huandika njia kama ulivyoitaja, yaani kuanzia pale uliposimama ukitoa amri. Vim nayo, kwa kuwa chaguo lake la `tagrelative` huwa limewashwa tangu mwanzo, huihesabu kuanzia folda ilimo orodha. Ni kama njia panda ya Uyole: ukitokea Makambako, barabara ya Tukuyu iko kushoto, ukitokea mjini, iko kulia. Hakuna aliyedanganya.

Dawa ni `--tag-relative=yes`. ctags ikaandika `../src/malipo.c`, na kijana akaruka moja kwa moja hadi kwenye fanksheni yake. Kwa wa Emacs, kihariri kingine, hali ya etags (ctags ikitoa orodha ya Emacs) hufanya hivyo bila kuombwa.

Njia kamili, zile zinazoanzia `/home`, mimi sizipendi. Hamisha mradi, au mpe mwenzako mwenye jina jingine la mtumiaji, orodha nzima imekufa.

GNU Global, zana nyingine ya kazi hii, naona ndiyo imelitatua vizuri zaidi: huhifadhi kila njia kuanzia mzizi lilipo faili lake la orodha, GTAGS, kisha ikikujibu huigeuza ilingane na folda uliyomo. Ukiwa ndani ya `src` utapewa `malipo.c` tu. cscope, nayo zana ya aina hii, hutaka uitajie mzizi kwa `-P`, tena pamoja na `-d`.

Mwisho nikamwekea `set tags=./.git/tags;` kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim. Hiyo `./` ya mwanzo si pale uliposimama, ni folda ya faili ulilofungua; nukta-mkato ndiyo inayoiambia Vim ipande juu, folda kwa folda, hadi iikute orodha. Kijana alidhani nimekosea kuchapa, akaifuta.