Waya wa AUX haukupi sauraundi
Hapa Mbeya ukiulizia waya wa kuunganisha laptopu na hom thieta pale Mwanjelwa utaambiwa "chukua huu wa AUX, chomeka kwenye laptopu, spika zote zinapiga sauraundi". Kupiga zitapiga, ila hiyo siyo sauraundi jamani, yaani kila spika na sauti yake mpaka ikuzunguke! AUX unachomekwa tundu la hedifoni, na tundu hilo la laptopu linatoa chaneli 2 tu, kushoto na kulia, zile spika za nyuma zinagawiwa sauti ileile ndo maana helikopta kwenye muvi haikuzunguki, inanguruma kote kwa mpigo. Tumia waya wa HDMI, huo unabeba chaneli zote, ila kwanza chungulia nyuma ya hom thieta kama kuna HDMI IN (tundu la kupokea), maana nyingi za DVD zina OUT (la kutoa) peke yake, halafu kwenye Windows ingia seting za sauti uchague 5.1 (spika tano na ya besi moja). Na muvi yenyewe iwe na sauti ya 5.1, ukiweka ya stirio (chaneli 2) usitegemee maajabu.