Mguu umevunjika au tumbo limekaza: masaa yanapotelea wapi?

Siku hizi malalamiko yamezidi kwamba hospitali zinachelewesha operesheni, na sisi wa upasuaji hatukatai, kuna siku foleni ya thieta ni ndefu kweli na hilo ni la kwetu kujibu. Ila ukimuuliza mgonjwa taratibu, ajali ilikuwa lini, tumbo limeanza lini, unaambiwa "tangu juzi dokta, tulikuwa tunachua kwanza".

Mfupa na tumbo nimeviweka pamoja makusudi. Mwaka 2015 jopo la upasuaji la jarida la The Lancet lilichagua operesheni 3 za kuipimia hospitali: kufungua tumbo, kujifungua kwa upasuaji, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Hospitali inayoziweza hizo kwa kawaida inaziweza na nyingine nyingi, na lengo ni mtu aifikie ndani ya masaa 2. Masaa, sio siku.

Tuanze na mfupa. Mfupa umeumbwa kubeba mzigo unaoshuka wima, ndio maana mama anashuka na ndoo kubwa kichwani paja halishtuki, lakini ukiupinda au kuusokota unakuwa dhaifu sana. Mcheza mpira mguu ukinasa chini halafu mwili ukageuka, ugoko unapasuka kwa kuzunguka kama kamba. Hiyo tunaita nguvu ndogo. Boda sasa ni habari nyingine. Ukitoka spidi 30 kwenda 60 nguvu ya kugonga haiongezeki mara 2, inaongezeka mara 4, na mfupa ukipigwa ghafla hivyo unameza nguvu nyingi kabla haujakatika, ukikatika inaachiwa yote kwa mpigo na vipande vinachana nyama na mishipa kutoka ndani. Kwa hiyo eksirei mbili zinaweza kufanana kabisa, mmoja akaenda nyumbani na POP, yaani plasta ngumu, na mwingine tukawa tunapigania asikatwe mguu. Ugoko kwa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama, ndio maana ndio unaotoka nje mara nyingi. Ukitoka nje antibayotiki ya sindano inatakiwa iingie mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya lisaa limoja, sio kuumwagia majivu wala dawa ya meno, tafadhali.

Na kuchua jamani. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka, damu ikivuja humo presha inapanda mpaka damu mpya haipiti, na ikifika kama masaa 6 misuli inaanza kufa. Sasa wewe unakuja na mafuta ya moto, unakandamiza, halafu unafunga na mianzi kwa nguvu zako zote. Maumivu yakizidi mnasema dawa inafanya kazi!! Mguu ukiuma kupita maumivu ya kawaida ya kuvunjika, au ukipata maumivu makali ukinyooshwa vidole, hiyo ni dharura. Paja likivunjika linaweza kumeza lita moja ya damu au zaidi na nje usione hata tone.

Tumbo lina siri kuliko mguu. Usukani wa pikipiki ukikugota, bandama inaweza kupasuka na ngozi isiwe hata na mchubuko, kijana akaamka akajipangusa akaendelea na abiria wake mpaka Mbagala. Kuna na njia nyingine ya tumbo kuharibika ambayo watu hawaijui: mtu ameumia mguu, anakunywa diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa wiki nzima, wiki ya pili, tena hajala, na dawa za jamii hiyo zinachimba vidonda vya tumbo mpaka tumbo linatoboka. Anakuja kwetu kwa tumbo wakati alianza na mguu.

Denmark walichapisha mwaka 2013 utafiti wa wagonjwa 2,668 wa vidonda vya tumbo vilivyotoboka, wakaona kila saa moja ya kuchelewa operesheni tangu mgonjwa apokelewe hospitali inapunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia 2.4. Hiyo ni saa ya hospitali, sio yenu, kwa hiyo kidole hiki kinatuelekea na sisi. Utafiti mwingine wa 2016, wagonjwa 10,745 nchi 58, ulionyesha kwamba kwenye nchi maskini hatari ya kufa baada ya operesheni ya dharura ya tumbo ilikuwa kama mara 3 ya nchi tajiri.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo ugomvi unaanzia mapokezi. Mgonjwa asile wala asinywe, hata uji, hata chai ya rangi, hata soda ya kumpa nguvu, kwa sababu akilazwa usingizi na tumbo limejaa anaweza kutapika vikaingia mapafuni. PF3 ni fomu ya polisi na inatakiwa kwa majeruhi wa ajali, lakini mgonjwa wa dharura anahudumiwa kwanza, ndugu mmoja anaifuatilia huku mwingine anabaki na mgonjwa, msiondoke wote. Damu haiuzwi, tukiwaomba ndugu mchangie hatuwaibii. Kofia ngumu ni ya dereva na abiria, wote wawili, kisheria, na faini ipo.

Fomu ya ridhaa anasaini mgonjwa mwenyewe kama ni mtu mzima na akili zake zipo. Narudia, mwenyewe. Tumeshakaa na mama tumbo gumu kama meza, anaongea vizuri tu, ukoo mzima unasema asubiriwe baba yupo njiani anatoka Morogoro. Mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi. Aliyepoteza fahamu na hana ndugu, madaktari wanaamua na kuandika kwenye faili. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba na shahidi anasaini pembeni.