Zimamoto ya kukodi: unalipia saa za kungoja

Katika vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, zimamoto ikitajwa, hakosekani mwananchi wa kusimama na hesabu yake. Mwaka huu moto umetokea mara tano, ninyi mnaomba mamilioni, basi kila moto unatugharimu kiasi gani? Anagawanya hapo hapo kwenye simu, ukumbi unacheka, afisa wa fedha anakohoa. Mimi hupenda swali hilo, kwa sababu ni la haki. Shida ni kwamba amegawanya kwa idadi ya moto, na idadi ya moto haiamui bei.

Chukua kiti kimoja ndani ya gari la zimamoto. Mwaka una saa 8,760, na kiti hicho hakitakiwi kuwa kitupu hata saa moja. Mfanyakazi wa saa 45 kwa wiki, ukimtolea likizo ya siku 21 anayohakikishiwa na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, sikukuu, siku za ugonjwa na za mafunzo, anabaki na takriban saa 2,000. Kwa hiyo kiti kimoja kinataka watu wanne na ushei. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 1710 kinataka gari liwe na watu wasiopungua wanne. Kwa hesabu yetu hao ni watu 17 au 18 kwenye orodha ya mishahara, kwa gari moja tu. Gari lenyewe hununuliwa mara moja, likapigwa picha na viongozi siku ya uzinduzi. Mishahara haipigwi picha, lakini ndiyo inayorudi kila mwezi, moto uwepo usiwepo.

Mji mdogo ukiona mzigo huo, wazo la kukodi linakuja lenyewe. Tuilipe kaunti jirani, au kampuni binafsi, ije tukiita. Sheria haikatazi ushirikiano wa namna hiyo. Ila Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka huduma za zimamoto mikononi mwa kaunti, na ukikodi mtu wa kuzima hujamkodisha lawama. Nyumba ikiungua, wananchi watakuja kwako.

Placentia, mji wa California wenye watu wapatao 50,000, ulikuwa ukihudumiwa kwa mkataba na mamlaka ya zimamoto ya Orange County. Bili ikawa inapanda, na madiwani wakajikuta wanalipa gharama ambazo uamuzi wake unafanyika kwingine. Baada ya mabishano makali, huku chama cha wazimamoto kikipinga, mji ulijitoa na kuanzisha kikosi chake mwaka 2020. Jambo la kujifunza pale, kwa maoni yangu, ni kwamba walikaa chini wakauliza wanalipia nini hasa. Marekani zaidi ya nusu ya simu zinazopigwa zimamoto ni za wagonjwa. Placentia ikaitenga kazi ya ambulensi, ikaipa kampuni binafsi. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, lakini walifungua bili wakaisoma mstari kwa mstari.

Upande mwingine wa shilingi ni Scottsdale, Arizona. Huko kampuni binafsi ilizima moto kwa zaidi ya miaka 50, na mara nyingi ilisifiwa kwa bei nafuu. Mwaka 2005 ikaondoka, mji ukalazimika kuunda kikosi chake. Mkataba wowote una siku ya mwisho. Mkaguzi wa kaunti asome kifungu hicho kwanza, kabla hata ya bei: mkiachana, vituo ni vya nani, magari ni ya nani, na nani anashika simu usiku huo?

Nairobi tayari tunao mfumo wa kulipia kando. Baadhi ya kampuni za ulinzi zina magari yao ya kuzima moto, na mteja hulipa ada. Kwa kiwanda au jumba la ofisi inafaa. Kwa mji mzima sishauri, na sababu ni mabati. Mtaani Mukuru au katika vibanda vya Gikomba ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Moto hauulizi nani amelipa. Mwaka 2010 huko South Fulton, Tennessee, wazimamoto walifika wakaiacha nyumba iteketee kwa kuwa mwenyewe, aliyeishi nje ya mipaka ya mji, hakuwa amelipa dola 75 za mwaka. Waliokoa mali ya jirani aliyelipa. London nayo iliachia kampuni za bima kazi ya kuzima kwa miaka mingi baada ya moto mkubwa wa 1666, mpaka moto wa Tooley Street wa 1861 ulipozitia hasara kiasi cha kuomba serikali iichukue. Ikaichukua 1866.

Mkikodi basi, kodini saa za utayari, si safari. Malipo ya kila mwito yanaonekana nafuu, lakini kampuni inayolipwa kwa mwito haina sababu ya kumweka mtu macho usiku ambao haujaleta hela. Mkataba useme pia dakika zinaanza kuhesabiwa lini. Zikianza gari linapotoka getini, zile zilizopotea wakati simu inalia bila kupokelewa hazitaonekana kwenye ripoti yoyote.

Halafu kuna maji. Lalamiko la Nairobi ni lile lile kila moto: gari limekuja bila maji. Mara nyingi lilikuja nayo. Tangi la lita 5,000, mipira miwili ikifunguliwa, kila mmoja ukitoa lita 450 kwa dakika, linakauka kabla ya dakika sita. Baada ya hapo gari linategemea haidranti, yaani mdomo wa maji wa zimamoto ulio kando ya barabara, na haidranti inategemea bomba ambalo kwa mgao wa maji huenda leo si siku yake. Nyingine zimefukiwa na lami, nyingine zimejengewa kibanda juu. Mkataba usiotaja nani anazikagua na nani anazilipia utaishia barabarani usiku, mkandarasi akisema kazi yake ni moto na maji ni ya kampuni ya maji. Na kwa mujibu wa karatasi aliyotia saini, atakuwa anasema kweli.